Dalili tatu au thelathini? Namna wataalamu wanavyokadiria nani yuko hatarini kufa

Baada ya kipindi chetu cha afya, mama mmoja alitutumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amempeleka mwanawe zahanati akiwa na homa kali. Foleni ilikuwa ndefu. Nesi alipita akiwatazama watoto mmoja mmoja, kisha akamchukua mtoto aliyefika mwisho kabisa na kumwingiza ndani kwanza. Hakumpima joto wala damu. Mama huyo alitaka kujua nesi alijuaje kwamba yule ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wengine, na kama ni haki kuamua jambo kubwa namna hiyo kwa kutazama tu.

Tulimjibu kwa kifupi hewani, lakini swali lake linastahili jibu refu zaidi. Nyuma ya jicho la nesi kuna kazi ya watakwimu ya miaka mingi. Wamekuwa wakijiuliza jambo moja: ukitaka kukadiria nani atapona na nani yuko hatarini kufa, uangalie mambo mangapi? Matatu? Manane? Thelathini? Watu wengi hudhani kuwa ukiangalia mambo mengi zaidi utakadiria vizuri zaidi. Makala hii inaeleza kwa nini si hivyo kila mara.

Kwa ufupi

- Kipimo chenye mambo machache mno hakiwatenganishi wagonjwa walio hatarini na wasio hatarini.
- Kipimo chenye mambo mengi mno hukariri wagonjwa wa jana, kisha hukosea kwa wagonjwa wa kesho.
- Idadi ya mambo yanayoweza kuchunguzwa hutegemea zaidi idadi ya vifo vilivyoandikwa kuliko idadi ya wagonjwa.
- Kipimo hujaribiwa kwa wagonjwa ambao hawakutumika kukitengeneza.

Modeli ni kitu gani?

Wataalamu huiita modeli. Sisi tuseme ni kanuni ya kukadiria. Unaipa habari za mgonjwa, kwa mfano umri wake, anavyopumua na kama ana fahamu, nayo inakurudishia makadirio: kati ya wagonjwa 100 wenye hali kama hii, wangapi hufariki?

Zingatia neno hilo, makadirio. Kanuni haisemi mtoto huyu atakufa au atapona. Inasema tu kwamba watoto wa aina hii wako kwenye hatari kubwa kuliko wale, kwa hiyo waanze kuhudumiwa.

Mkulima naye ana modeli yake kichwani. Akiona wingu zito upande fulani, upepo umegeuka na joto limepanda, anaanua mahindi. Hasubiri kujua kila kitu kuhusu anga. Ameshajifunza ni dalili zipi zenye maana na zipi za kupuuza. Mtakwimu hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye hutumia kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa.

Ugumu wa kwanza: muda

Kuhesabu nani alikufa na nani alipona kunaonekana rahisi, lakini si rahisi. Tuchukue mfano wa kufikirika wa vifaranga.

Umenunua vifaranga 20. Wanne wanakufa mwezi wa kwanza. Mwisho wa mwezi huo unauza watano wakiwa hai, ili upate ada ya shule. Wanabaki 11. Mwezi wa pili wanakufa wawili, na unamaliza ukiwa na tisa. Sasa jirani anakuuliza vifaranga wa aina ile hufa kwa kiasi gani katika miezi miwili.

Ukiwahesabu wale watano uliouza kuwa walifika mwisho, utasema wamekufa 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Lakini hujui kilichowapata baada ya kuuzwa. Ukiamua kuwafuta kabisa kwenye hesabu, utasema wamekufa 6 kati ya 15, yaani asilimia 40. Hapo nako umekosea, kwa sababu mwezi wa kwanza wale watano walikuwepo na waliishi.

Njia sahihi ni kuhesabu hatua kwa hatua. Mwezi wa kwanza waliishi 16 kati ya 20, sawa na asilimia 80. Mwezi wa pili waliishi 9 kati ya 11, karibu asilimia 82. Kuku anayefika mwisho lazima avuke miezi yote miwili, kwa hiyo unazidisha: 0.80 mara 0.82 ni karibu 0.65. Basi waliofika mwisho ni asilimia 65 hivi, na waliokufa ni asilimia 35 hivi.

Wagonjwa nao ni hivyo hivyo. Wengine huruhusiwa, wengine huhamia mkoa mwingine, wengine hawarudi kliniki. Tunajua tu kwamba siku ya mwisho tulipowaona walikuwa hai. Wamarekani Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha mwaka 1958 njia ya kuhesabu hatua kwa hatua kama tulivyofanya kwa vifaranga. Mwaka 1972 Mwingereza David Cox alichapisha njia ya kuunganisha hesabu hiyo ya muda na vigezo vingi kwa pamoja, kama umri, uzito na ugonjwa. Njia hizo mbili bado zinatumika duniani kote hadi leo.

Kanuni iliyo rahisi mno

Sasa turudi kwenye foleni ya zahanati. Tuseme tunaamua kutumia jambo moja tu: homa. Mwenye homa aingie kwanza. Tatizo ni kwamba msimu wa mvua karibu kila mtoto aliye kwenye foleni ile ana homa. Kanuni hiyo haimtenganishi yeyote. Atakayepona kesho na aliye hatarini usiku huu watawekwa kapu moja.

Hata hivyo, kuwa na jambo moja si kosa lenyewe. Inategemea ni jambo gani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hutembea na utepe wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto. Mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka mitano ambaye mkono wake una mzunguko chini ya milimita 115 yuko kwenye rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kipimo hicho ni kimoja tu, hakihitaji mzani wala umeme, lakini tafiti zimeonyesha kuwa kinawatambua vizuri watoto walio kwenye hatari ya kufa kwa utapiamlo. Homa na utepe kila kimoja ni kigezo kimoja. Tofauti ni kwamba utepe unatenganisha, na homa pale foleni haitenganishi.

Kanuni iliyo ngumu mno

Upande wa pili una hatari ambayo haionekani haraka. Tuchukue tena mfano wa kufikirika. Hospitali moja imeandika habari za watoto 100 waliolazwa. Wanane kati yao walifariki. Karani alikuwa makini sana, akaandika kila kitu: umri, kijiji, joto, siku ya wiki, kama walikuja kwa bodaboda au kwa miguu, hata rangi ya shati.

Mtafiti anaingiza yote kwenye kompyuta. Kompyuta inagundua kwamba watano kati ya wanane waliofariki walikuwa na shati jekundu. Kwa kuwa inatafuta chochote kinacholingana, inaliweka shati jekundu kwenye kanuni. Kwa watoto wale 100 kanuni inapatia vizuri sana, na mtafiti anafurahi.

Mwezi unaofuata wanakuja watoto wengine. Shati jekundu halina maana yoyote tena, maana halikuwahi kuwa na maana. Ilikuwa bahati tu. Kanuni inamkimbiza ndani mtoto mwenye mafua kwa sababu ya shati lake, na aliyelegea mwenye shati la bluu anaendelea kusubiri.

Kila mwalimu anamjua mwanafunzi wa namna hii. Amekariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita, nukta kwa nukta. Ukimpa mtihani ule ule anapata mia kwa mia, lakini ukibadilisha swali kidogo anakwama. Kanuni yenye vigezo vingi kuliko habari zilizopo hufanya hivyo hivyo: inakariri badala ya kuelewa.

Jambo la kutisha ni kwamba kukariri hakuonekani ukiitazama kanuni kwa wagonjwa wale wale waliotumika kuitengeneza. Kwa wagonjwa hao, kila kigezo unachoongeza hufanya kanuni ionekane bora au angalau isiharibike. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza na kuongeza, akidhani anajenga, kumbe anabomoa.

Hesabu vifo

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mtu akisema utafiti wake una wagonjwa 1,000, tunadhani ana habari nyingi. Lakini kama kati ya hao 1,000 waliofariki ni 40, basi habari kuhusu kifo ziko kwenye hao 40. Wengine 960 wanatuambia jinsi waliopona walivyokuwa, lakini bila vifo vya kutosha vya kulinganisha, hatuwezi kuchunguza mambo mengi.

Mwaka 1995 na 1996 watafiti Peter Peduzzi, John Concato na wenzao walichapisha majaribio ya kompyuta kuhusu jambo hili. Waliona kwamba vifo vikipungua chini ya 10 kwa kila kigezo, majibu huanza kuyumba. Kutoka hapo watu wakashika kanuni ya kidole gumba: angalau vifo 10 kwa kila kigezo kimoja. Kwa vifo 40, chunguza vigezo vinne hivi. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba kumi si namba takatifu. Mara nyingine inatosha pungufu, mara nyingine inahitajika zaidi. Lakini wazo lenyewe limebaki.

Na hapa wengi huteleza. Vigezo vinavyohesabiwa ni vyote ulivyovijaribu, hata ulivyovitupa. Ukijaribu vigezo 60, ukatangaza vinne vilivyong'aa, umetumia 60. Ni sawa na mtu aliyerusha mawe 60 kwenye mwembe, akaja kijijini na maembe manne akijisifu kuwa hakukosa hata jiwe moja.

Njia nne za kupata kiasi kinachofaa

*Ya kwanza ni kufikiri kabla ya kuhesabu.* Kaa na madaktari na manesi wenye uzoefu, uwaulize ni dalili zipi zina sababu ya kweli ya kuhusiana na kifo. Rangi ya shati itaondoka hapo hapo, bila kompyuta. Ondoa pia vitu ambavyo hapimwi mtu kule kanuni itakakotumika. Hakuna faida kuweka kipimo cha maabara kwenye kanuni ya zahanati isiyo na maabara.

*Ya pili ni kujaribu kwa wagonjwa wengine.* Gawa kumbukumbu zako mafungu kumi. Tengeneza kanuni kwa mafungu tisa, uijaribu kwa lile la kumi ambalo haikuliona. Kisha badilisha fungu la kujaribia, hadi yote kumi yapate zamu. Kanuni iliyokariri itaumbuka. Jaribio zuri zaidi ni kuipeleka hospitali nyingine au nchi nyingine kabisa.

*Ya tatu ni faini.* Mjapani Hirotugu Akaike alipendekeza katika miaka ya 1970 kwamba kila kigezo kinachoongezwa kitozwe faini. Kama kigezo kinaboresha makadirio kuliko faini yake, kinabaki. Kama sivyo, kinatoka. Ni kama chama cha kukopa na kuweka: mwanachama mpya aongeze kwenye mfuko kuliko atakavyotumia.

*Ya nne ni kubana.* Mwaka 1996 Robert Tibshirani, mtakwimu kutoka Kanada, alichapisha njia inayopunguza nguvu ya vigezo vyote kwa pamoja. Vile dhaifu hubanwa hadi sifuri na kutoka vyenyewe, na vile vyenye nguvu hubaki vikiwa vimepunguzwa makali. Mwaka uliofuata aliitengeneza pia kwa ajili ya hesabu ya muda ya Cox. Kupunguza makali kunasaidia, kwa sababu kanuni mpya karibu kila mara huwa na majivuno kuliko inavyostahili.

Baada ya hapo kanuni huulizwa maswali mawili. Swali la kwanza: je, inapanga vizuri? Chukua mtoto mmoja aliyefariki na mmoja aliyepona. Ni mara ngapi kanuni ilimpa aliyefariki alama ya hatari zaidi? Ikipatia nusu tu ya mara zote, ni sawa na kurusha shilingi. Swali la pili: je, namba zake ni za kweli? Ikisema watoto wa kundi hili hufariki 10 kati ya 100, kweli wanafariki karibu 10, au ni 3, au ni 25? Kanuni inaweza kupanga vizuri na bado ikadanganya kwenye namba.

Mfano wa kwanza: dalili tatu za Lambaréné

Lambaréné ni mji wa Gabon, kando ya mto Ogooué, unaofahamika kwa hospitali iliyoanzishwa na Albert Schweitzer mwaka 1913. Watafiti wa huko walishirikiana na wenzao wa Gambia, Ghana, Malawi na Kilifi nchini Kenya kukusanya kumbukumbu za watoto waliolazwa kwa malaria. Walipata zaidi ya watoto 20,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Kwa watoto wengi namna hiyo, vifo vilivyoandikwa vilikuwa vingi vya kutosha kujaribu vigezo vingi. Wangeweza kutengeneza kanuni ndefu. Lakini kipimo walichokipendekeza kina dalili tatu tu, na kila moja ina alama moja:

1. Mtoto amepoteza fahamu.
2. Mtoto amelegea hadi hawezi kukaa mwenyewe, au kama bado ni mchanga wa kukaa, hawezi kunyonya.
3. Mtoto anavuta pumzi kwa kina na kwa kuhangaika.

Alama ni kutoka 0 hadi 3. Zikipanda, hatari ya kifo inapanda. Hakuna sindano, hakuna maabara, na kazi inaisha kwa dakika chache. Sasa unaona nesi wa yule mama alikuwa anatazama nini alipopita kwenye foleni. Hatujui kama alijifunza kipimo hiki kwa jina, lakini macho yake yalikwenda mahali sahihi: mtoto anakaaje, anapumuaje, anaitika akiitwa?

Mfano wa pili: dalili nane kutoka kwetu

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania ilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Utafiti ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini. Ulitaka kujua kama kuwapa maji mengi ya dripu kwa haraka kunaokoa maisha. Jibu liliushangaza ulimwengu. Katika saa 48, walifariki asilimia 10.6 na 10.5 kwenye makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 kwenye kundi ambalo halikupewa.

Kumbukumbu zile zilitumika tena. Mwaka 2015 watafiti walichapisha kipimo cha kupanga watoto kwa uzito wa hali zao, kinachokadiria hatari ya kufa ndani ya saa 48. Vifo vya saa hizo 48 vilikuwa karibu 300, kwa hiyo kwa kanuni ya kumi kulikuwa na nafasi ya kuchunguza vigezo karibu 30. Vilivyobaki ni vinane: joto la mwili, mapigo ya moyo, muda damu inaochukua kurudi ukibonyeza kidole, mapigo dhaifu mkononi, hali ya fahamu, weupe mkali unaoonyesha kupungukiwa damu, kupumua kwa shida, na mikwaruzo inayosikika kwenye mapafu. Alama ni kutoka 0 hadi 10.

Kisha walifanya lile jaribio la kweli. Walikipeleka kwa watoto wengine, waliolazwa Kilifi, ambao hawakutumika kukitengeneza.

Kwa nini huku nane na kule tatu? Kwa sababu maswali hayakuwa sawa. Kipimo cha Lambaréné kilitengenezwa kwa watoto wenye malaria. Hiki cha pili ni kwa watoto wenye homa kali ya aina yoyote, iwe malaria, nimonia au maambukizi ya damu. Ugonjwa ukiwa wa aina nyingi, dalili tatu zinaweza kuwaacha baadhi nje. Pia cha pili kinahitaji mhudumu mwenye kifaa cha kusikiliza mapafu na aliyefundishwa kukitumia. Kanuni nzuri ni ile inayolifaa swali lake na mahali pake.

Je, kompyuta za siku hizi hazimalizi tatizo hili?

Tunasikia kila siku kwamba kompyuta zinajifunza zenyewe. Kwa kazi kama kusoma picha za eksirei, zikiwa na mamilioni ya picha, zimeonyesha uwezo mkubwa. Lakini kwa kazi ya kukadiria hatari kwa kutumia orodha ya dalili, hali ni tofauti. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 71 zilizolinganisha njia hizo mpya na njia ya zamani ya takwimu. Pale ulinganisho ulipofanywa kwa uangalifu, njia mpya hazikuonekana kuwa bora kwa wastani.

Sababu yake tumeshaiona. Kompyuta yenye njaa kubwa ya habari, ikipewa wagonjwa wachache, itakariri haraka kuliko mtu yeyote.

Na vipimo vifupi vina historia ndefu ya kudumu. Mama aliyejifungulia kituoni huenda amewahi kuona alama ya Apgar kwenye karatasi zake. Ilibuniwa na daktari wa usingizi Virginia Apgar huko New York, ikachapishwa mwaka 1953. Ina mambo matano tu: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, mtoto anavyoitika akiguswa, na rangi ya mwili. Mwaka 2001, kumbukumbu za watoto zaidi ya 150,000 waliozaliwa Dallas, Marekani, zilionyesha kwamba alama ile bado inaeleza vizuri nani yuko hatarini katika siku za kwanza za maisha. Karibu nusu karne ilikuwa imepita.

Makosa mawili, gharama mbili

Kila kanuni itakosea, kwa namna mbili. Inaweza kusema mtoto huyu hana hatari, kumbe anayo, akarudishwa nyumbani. Au inaweza kusema yuko hatarini, kumbe hayuko, familia ikauza mbuzi ili kumpeleka hospitali ya wilaya.

Makosa haya hayana uzito sawa. Mbuzi anaweza kununuliwa tena. Kwa hiyo vipimo vya kupanga foleni hupangwa viwe na wasiwasi zaidi: ni afadhali kuwakimbiza watoto wachache wasiohitaji kuliko kumwacha mmoja anayehitaji. Lakini wasiwasi ukizidi, kila mtoto anakuwa wa kwanza, na foleni inarudi ilivyokuwa. Kompyuta haiwezi kuamua mstari ukatwe wapi. Hilo ni la watu, wakijua vitanda ni vingapi, gari la wagonjwa lipo au halipo, na hospitali iko mbali kiasi gani.

Wewe mzazi ufanye nini?

Usitumie alama hizi nyumbani kujipa ruhusa ya kukaa. Zilitengenezwa kwa ajili ya kupanga nani aanze kuhudumiwa, na watoto waliotumika kuzitengeneza walikuwa wameshafika hospitali. Mtoto mwenye alama 0 bado anaweza kuwa na malaria inayohitaji dawa leo. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe.

Lakini zipo dalili ambazo ukiziona hupaswi kusubiri foleni, na ni haki yako kumwambia mhudumu hapo hapo:

- mtoto hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila anachopewa;
- amepata degedege;
- amelegea sana au haitiki ukimwita;
- anapumua kwa shida.

Ukifika, sema dalili hiyo kwanza, kabla ya habari nyingine. Usianze na tangu lini au alikula nini. Sema: mwanangu ameshindwa kunyonya. Na kama mtoto wa mwenzako ndiye mwenye dalili hizo, mpishe, hata kama wewe ulifika alfajiri.

Yule mama aliyetutumia ujumbe alituambia pia kwamba mwanawe alipimwa baadaye, akapewa dawa, na sasa anacheza. Kuhusu mtoto aliyepitishwa mbele, alisema alipelekwa hospitali ya wilaya siku ile ile. Alipotuuliza kama ilikuwa haki, jibu letu ni ndiyo. Nesi alitazama mambo machache, lakini yalikuwa ndiyo yenyewe.

Maneno yaliyotumika

- *Modeli:* kanuni ya kukadiria jambo kwa kutumia habari zilizopo.
- *Kigezo:* jambo moja linaloingizwa kwenye kanuni, kama joto au umri.
- *Kukariri:* kanuni kushika bahati na vurugu za wagonjwa wa zamani kana kwamba ni ukweli.
- *Faini:* adhabu ya kihesabu kwa kila kigezo kinachoongezwa.
- *Jaribio la nje:* kuipima kanuni kwa wagonjwa wa mahali pengine ambao haikuwahi kuwaona.

Kama una swali kuhusu jambo la afya, hesabu au kilimo ungependa tulieleze kwa urefu namna hii, tutumie ujumbe kama alivyofanya mama huyu. Tutalisoma hewani, na likihitaji nafasi zaidi tutaliandika hapa.